Gemu ya Marehemu Inazimika Nikisali

Hili sikuhadithiwa. Limetokea sebuleni kwangu.

Nikipiga magoti kusali, gemu ya marehemu mume wangu inazimika. Pap!

Nikipika, inawaka. Nikifuma, inawaka. Nikisema tu "Ee Mungu wangu" chumbani, namsikia shemeji yangu sebuleni: "Imezima tena! Shem, hizo sala zako zina volteji gani?"

Mashine yenyewe kuukuu. Mume wangu aliifungua akachomelea chipu, akaweka diski kubwa ndani ili gemu zote zikae humo. Humo humo akaunda timu yake ya mpira.

Mshambuliaji akampa jina lake. Kipa, jina la mama yake. Mimi akaniweka beki, eti hakuna anayenipita.

Sasa yeye hayupo, timu ipo. Shemeji huchukua timu nyingine, anapambana na ya kaka yake, inayochezeshwa na mashine. Mama mkwe hukaa mkekani pembeni ya mashine, miguu kainyoosha, anatazama jina la mwanawe likikimbia.

Nikaanza kutafuta ugonjwa. Nikapuliza vumbi kwenye feni. Nikabadilisha waya wa umeme. Nikaondoa hata kitambaa changu cha kufuma nilichoifunika nacho.

"Shem, ulikuwa unaivalisha sweta wakati wa joto," shemeji akanicheka.

Wapi! Nikisali, pap.

Nikaipeleka kwa fundi. Kwake ikashinda inawaka kama taa ya dukani.

"Mama, labda inakuogopa wewe," akasema. "Itakuwa diski imechanganyikiwa. Njia ni moja, nifute vyote nianze upya."

"Na timu?"

"Timu itaondoka, mama."

Kumzika mtu mara moja kunatosha.

"Nirudishie kwanza. Niisalie."

"Mama, mashine haihitaji sala, inahitaji kufutwa."

"Anza kufuta vumbi la meza yako, baba."

Nyumbani nikawaacha wawashe. Nikaingia chumbani nikapiga magoti, pazia nikaliachia upenyo. Mungu anisamehe, jicho moja nililifumba, la pili nikaliacha kazini.

"Gooo! Tatu bila!" shemeji akaruka, macho kwenye runinga. "Kaka, leo unalala na viatu!"

Mguu wa mama mkwe ukasogea. Taratibu, kama paka anayekwenda kwenye maziwa.

Kidole gumba kikabonyeza kitufe cha kuzimia.

Pap!

"Imezima tena!"

"Ai, vitu vya umeme hivi," mama mkwe akasikitika, mguu umesharudi chini ya kanga.

Nikatoka.

"Mama, kidole chako kinatafuta nini pale?"

Akatazama ukuta. Kisha akanigeukia, mkali.

"Ulitaka nikae natazama mwanangu anafungwa nyumbani kwake? Na kipa ndiye mimi!"

"Mbona nikisali tu?"

"Ukiwepo nani akuweze? Una macho kama ya karani wa forodha."

Shemeji padi ya kuchezea ikamponyoka. "Mama! Na mimi si mwanao?"

"Wewe una kesho," akamjibu. "Kesho utashinda. Yeye ana hiyo tu."

Shemeji akacheka, akajifuta uso kwa shati.

Siku ile tukaweka sheria: anayecheza, acheze upande wa marehemu. Apambane na mashine.

Fundi aliponiuliza ugonjwa ulikuwa nini, nikamwambia ni wa mguu. Mpaka leo anadhani nimechanganyikiwa.

Ninachowaambia ndugu zangu ni hiki: kabla hujafungua kitu kwa bisibisi, tazama kwanza nani amekaa karibu nacho, na anauguza nini.

Mashine imetulia, haijazimika tena.

Isipokuwa juzi. Timu yetu ilikuwa inapigwa nne bila, shemeji jasho linamtoka, mama mkwe kaziba macho kwa kanga.

Pap!

"Mama!" shemeji akafoka.

"Si mimi! Miguu yangu hii hapa!"

Kweli, haikuwa yeye.

Beki lazima azuie.