Siku Baba Alipowafuata Masista

Sisi tuliosoma bweni kwa masista kule Mbozi, miaka ile Tunduma ilipoanza kujaa malori na maduka ya vitenge, tunatambuana mpaka leo kwa namna tunavyotandika kitanda. Shuka likiwa na kunjo, Sista Adelina alilivuta lote chini, ukaanza upya huku baridi ya Juni ikikutafuna vidole. Asubuhi uji, mchana makande, jioni makande yale yale yamepashwa moto. Jumapili tulipewa chai ya maziwa ya ng'ombe wa masista, kisha tukacheza rede hadi soksi zikageuka rangi ya udongo. Kahawa ikichanua, harufu yake iliingia mpaka darasani. Watoto wa siku hizi simu ikiishiwa chaji tu wanasema wanateswa.

Mimi nilipapenda. Nyumbani kwetu Chapwa, pale pale Tunduma, malori yalinguruma, redio za majirani zilishindana, na wateja wa baba waliovuka kutoka Zambia walibishana bei kwa Kibemba pale pale sebuleni. Kwa masista kila kitu kilikuwa na mahali pake. Nikiwa kidato cha pili nilimfuata Sista Adelina, mkuu wetu wa shule, Mfipa mrefu mwenye sauti ndogo, nikamwambia nataka kuwa sista. Hakuacha kupalilia kabichi zake.

"Tutaona," akasema.

Nami nikachukulia kuwa nimekubaliwa.

Likizo nikamweleza mama jikoni. Mama akaacha kusonga ugali, akanitazama. Baba alipoambiwa, aliisukuma sahani kando. Alikuwa Mmoravian wa kuzaliwa, na binti alikuwa naye mmoja tu. Shule ilipofunguliwa hakunipandisha basi. Alinipeleka mwenyewe kwa pikapu yake.

Ofisini alikataa kukaa.

"Sista, mimi mtoto nilimleta asome. Sikumleta sadaka."

"Karibu kiti, mzee," Sista Adelina akasema. "Hata mimi sijamkubalia."

Baba alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Akabaki amesimama, kofia mkononi.

"Hujamkubalia?"

"Bado."

"Kwa nini? Ana kasoro gani mwanangu?"

Hapo nilitamani sakafu ipasuke. Sista akainamisha uso, nikaona mabega yake yanatikisika.

"Hana kasoro, mzee. Ni mtoto. Na anaogopa mende."

Baba akajaribu kununa, akashindwa. Akacheka mpaka akakaa. Wakanywa chai, wakaongea habari za mvua na bei ya mbolea, na alipoondoka aliniwekea mkono kichwani akasema, "Soma, mama."

Waliagana vizuri. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko kulia. Sista alinifuata, akakaa juu ya gogo la kuni na shela lake jeupe.

"Unalia nini?"

"Umenikataa, Sista."

"Sijakukataa. Nakuuliza tu. Unamtaka Mungu, au unaikimbia Tunduma?"

Nikajifuta machozi kwa pindo la sketi.

"Basi maliza shule. Ukilipata jibu, njoo uniambie. Hata likiwa hapana, njoo."

Nilimaliza, nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa kufundisha Itumba. Likizo yangu ya kwanza kazini nikapanda hadi kwa masista na kumwambia kwamba jibu ni hapana. Niliogopa kumwambia kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani. Alinishika mikono yote miwili, akaniuliza baba hajambo, kisha akanituma nikamletee maji ya kumwagilia. Kabichi zilikuwa zimestawi kweli mwaka ule.

Sasa nina binti anayesoma bweni. Shule yake ina maji ya moto na basi lililoandikwa jina ubavuni, na chakula chao kina saladi. Simwonei wivu, nimefurahi amepata. Mwezi uliopita alitaka kuwa mwanamitindo, mwezi huu ni rubani. Kila analosema walimu wanampigia makofi, na sisi wazazi tunamtumia vikopa vyekundu vya upendo kwenye simu. Hajawahi kukataliwa. Wala sijasikia hata mmoja wetu, mimi nikiwamo, akikaa naye chini amuulize kwa nini.