Majani ya Kuwasha

Mimi ni bibi wa wajukuu tisa, na hapa Kariakoo hakuna wa kunifundisha dawa. Basi mkwe wangu wa Moshi, mama wa mke wa mwanangu, akaniletea mfuko wa majani makavu.

"Haya majani ya kuwasha, mkwe. Nimeyaanika kivulini wiki nzima. Sasa wewe..."

Nikamkatiza. "Nayajua."

Jana akarudi. "Yamekusaidia?"

"Sana. Jiko la mkaa nawasha mara moja, wala sipulizi."

Akaguna. "Mkwe, hayo yanawasha ngozi yakiwa mabichi. Yakikauka unayachemsha, unakunywa, magoti yanapoa. Yamebaki?"

Nikainuka haraka nisogeze jiko asione majivu. Goti likalia ko, naye akalisikia.