Kamba Iliyopima Watoto Wazuri

Mnisamehe kwa herufi zangu zinazolala na maneno niliyoyakosea. Nilisoma shule ya msingi tu, na naandika polepole. Kusema mbele ya watu kunanishinda, hata kuitikia salamu wakati mwingine. Lakini jambo la mdogo wangu nimelibeba kimya muda mrefu.

Hapa Kamina, Kongo, hospitali tuliyokuwa tukienda haikuwa na mizani ya watoto. Ya zamani ilikatika springi, nyingine haikuletwa. Ndipo akafika mtafiti, mtu mpole mwenye miwani, na mizani yake mwenyewe. Alitaka kutengeneza kamba ya rangi. Mtoto angelazwa, kamba inyooshwe toka kichwani, na rangi inayogusa kisigino ingemwambia muuguzi uzito wa mtoto na dawa ya kumpa. Ili kuzipanga rangi, ilibidi kwanza apime urefu na uzito wa watoto wengi wa mji, wa kila namna. Alisema hivyo kanisani kwa Kifaransa. Mzee wa kanisa akatutafsiria:

"Bamama, kesho mulete batoto. Batoto bazuri! Musitupatishe haya mbele ya mugeni."

Kwetu mtoto mzuri ni mtoto mnene, ngozi inang'aa mafuta. Mama alikuwa na watoto wadogo wawili, wadogo zangu. Wa mwisho, wa kiume, alikuwa na mashavu yaliyojaa. Aliyemtangulia, wa kike, alikuwa mrefu, lakini tangu surua alikauka, mbavu zote nje. Asubuhi mama alimfunga yule mnene mgongoni.

"Weye baki kwa nyumba," alimwambia msichana.

"Minyi pia nataka kupimwa."

"Utapimwa siku ingine."

Mimi nilikwenda kumsaidia mama. Kanisani watoto walipimwa na viatu vya Jumapili miguuni, wameshiba bukari, ugali wetu. Mama mmoja alimtania mke wa askari aliyetoka kambini:

"Huyu iko mutoto ao gunia ya unga?"

"Pima tu! Baba yake iko anaonja rasioni ya jeshi, yeye njo anaimaliza."

Tulicheka sana. Mtafiti naye alicheka bila kuelewa. Alipima kwa uangalifu, kila mtoto mara mbili. Hakuuliza nani amebaki nyumbani. Alipoondoka aliichukua mizani yake, na baadaye kamba ikaletwa, ikatundikwa msumarini katika chumba cha wagonjwa.

Mvua zilipoanza, msichana wetu alishikwa na malaria, akawa anatetemeka na kupotewa na akili. Tulimkimbiza hospitalini. Muuguzi alimlaza, akanyoosha kamba. Kisigino kiligusa rangi ya manjano. Alimtazama mtoto, akasita.

"Mama, huyu iko mwembamba sana. Bale ba namna yake, balipimwa kule kanisani?"

Chumba kilijaa wanawake wa kanisa letu. Mama aliinamisha kichwa.

"Ndiyo, muganga. Balipimwa bote."

"Basi kamba inamujua."

Akamwekea kinini, dawa ya malaria, katika maji ya mshipa, kwa kipimo cha rangi ya manjano.

Kesho yake mtoto alifungua macho, akasema, "Mama, treni iko inapita."

Reli ilikuwa kimya siku ile. Lakini baba hufanya kazi ya treni, na tulifurahi kumsikia akisema. Mama alicheka machozi yakimtoka.

"Njo baba yako anarudia."

"Hii treni haiishe, mama." Akaziba masikio kwa mikono.

Homa ilitoka. Siku tuliyomrudisha nyumbani nilimwita nikiwa nyuma yake, hakugeuka. Nikagonga sufuria. Hakugeuka.

Tulimrudisha hospitalini, na muuguzi mwenyewe alitupeleka sokoni kwa muuza mahindi, akamwomba mizani yake, akamkalisha mtoto ndani ya gunia. Mshale ulisimama mbali sana chini ya ule uzito wa manjano. Muuguzi alisema dawa ilimzidi, na kinini ikizidi huua masikio.

"Kule kanisani, nani alileta mutoto wa namna hii?"

"Hakuna," mama alisema. "Tulibaficha. Kila nyumba ilificha wake."

Muuguzi hakumgombeza. Tuliporudi naye hospitalini tulimkuta mtoto mwingine amelala akingoja. Alikuwa mwembamba naye. Muuguzi aliitazama kamba pale msumarini, kisha akaishusha, maana hakuwa na kitu kingine.

Mdogo wangu hajasikia tena. Shule imemkataa. Mama hajamwambia, wala sijui angemwambiaje, kwamba siku ile aliyoomba kupimwa akafichwa nyumbani ndiyo iliyomnyima masikio baadaye.

Ninyi mnaosoma, kama kwenu nako walikuja kupima watoto, niandikieni: wembamba waliletwa, au walibaki nyumbani? Andikeni kwa herufi kubwa. Namfundisha mdogo wangu kusoma, na barua zenu atazisoma yeye, kwa sababu mimi siwezi kumsomea.