Nyumba Tano Chini ya Mchanga

Kwa wiki tatu Nakaale alikuwa akipambana na ramani moja. Ofisi yao ndogo ya upimaji ardhi mjini Lodwar ilikuwa imepewa kazi ya kuchora sehemu ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ili ijulikane mabomba mapya ya maji yatapita wapi. Droni ilikuwa imepiga picha zaidi ya elfu moja kutoka juu, na yeye alipaswa kuziunganisha ziwe picha moja. Zilimkatalia. Katikati, mabati ya paa yalipindapinda, na barabara ilikatika ikaanza tena hatua kadhaa kando.

Aliondoa picha zilizotikisika. Akasawazisha rangi. Akabadilisha vipimo vya programu, kisha akasubiri kutwa nzima kompyuta imalize, feni ikinguruma na joto likimkausha koo. Jioni doa lile la katikati lilikuwa pale pale. Macho yalimuuma hata akiyafumba.

"Ejok, Nakaale," mkubwa wake, Lokiru, alimsalimu Kiturkana Alhamisi. "Hiyo ramani bado?"

"Bado. Hapa katikati picha hazishikani."

"Si ufunike tu na mchanga? Kakuma yote ni mchanga. Nani ataona?"

Nakaale alikuwa amechoka. Akanakili kipande cha mchanga wa pembeni, akakibandika juu ya doa, akatuma.

Jumatatu alasiri yeye na Lokiru wakaitandaza ramani mbele ya wakazi, huko Kakuma. Mama mmoja wa Sudan Kusini, Ayen, akainama na kufuata barabara kwa kidole, kutoka kanisani, mpaka kidole kikasimama.

"Dada, nyumba yangu iko wapi?"

Nakaale aliinama naye juu ya ramani.

"Hii ni kanisa. Hii ni kwa Malual. Mimi jirani ya Malual miaka kumi na moja. Hapa mmeweka mchanga."

"Ni makosa ya kompyuta, mama," Lokiru alisema.

"Si kompyuta," Nakaale akasema. "Picha ziliharibika, nikafunika. Ni mimi."

"Basi kuja uone," Ayen alisema.

Walipofika, nyumba zilizofunikwa zilikuwa tano. Upepo ulikuwa ukivuma kwa nguvu, mabati yakigongana, na Nakaale ilibidi ashike kitambaa chake cha kichwa. Hapo ndipo alipoelewa. Droni ilipita hapa saa kama hizi. Upepo uliisukuma ikaenda kombo, picha hazikupandana kingoni, kompyuta ikakosa pa kuzishonea. Wiki tatu alikuwa akitafuta kwenye skrini kosa lililokuwa huku nje.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya upepo, waliirusha tena juu ya nyumba hizo, mistari yake ya kupita ikiwa karibu karibu. Picha zilishikana mara ya kwanza. Paa zilinyooka, na uani kwa Ayen zilionekana nguo zilizoanikwa.

Vivuli vya asubuhi vilielekea upande tofauti na vile vya alasiri, kwa hiyo mshono wa picha mpya na za zamani ulionekana kidogo. Nakaale aliuacha, akaandika pembeni mwa ramani sababu yake.

Njia nzima ya kurudi Lodwar, Lokiru, aliyeumbuliwa mbele ya wakazi, hakumsemesha. Nakaale aliegemeza kichwa kwenye kioo cha gari, akalala.