Koti la Kwendea Kabanga

Josepha alipofariki mwaka 2013, aliacha mbegu za ulezi kwenye kibuyu, juu ya dari ya jiko. Mvua zilipoanza, mumewe Theonest alizimwaga zote shambani, kule bondeni Titye, akaziacha zijiotee. Palizi hakuijua. Palizi ya ulezi ilikuwa ya Josepha.

Kazi yake yeye ilikuwa kupendeza. Enzi zake, toka Titye mpaka Rungwe Mpya, harusi haikunoga bila koti lake la kahawia. Koti hilo ndilo lililompatia Josepha. Akaendelea kulivaa kama mtu ambaye bado anaposa, na Josepha akaendelea na kitenge kimoja na jembe. Hata siku alipozidiwa, aliyempeleka hospitali Kabanga ni wifi yake, Epifania. Theonest alikuwa ngomani. Alifika na koti lake, vumbi la kucheza hajalipangusa, akakuta mke ameshafunikwa shuka usoni.

Sasa ni Januari, na Epifania, dada yake mkubwa, amemtafutia mjane wa Kabanga, Immakulata.

"Vaa lile koti uonekane mtu."

"Dada, mimi mzee."

"Ndiyo maana. Uso umeshagoma, angalau nguo isaidie."

Alilivaa. Lilimpwaya. Njiani kwenda Kabanga, alipofika shambani kwake, mvua ikamshika, akajibanza kwenye migomba. Ilipokatika akamwona ndege majanini, dume, mweusi, mkia mrefu kuliko mwili. Siku zote hizo alikuwa akirukaruka juu ya bonde kuwaringia majike. Sasa mkia umelowa, umekuwa mzigo. Anaruka, anaanguka. Paka wa jirani anamnyemelea. Majike, wale wa rangi ya udongo, walishakwenda zao.

Josepha aliwahi kumwonyesha ndege kama huyo, akicheka, jembe begani: "Mwone mwenzio. Mama watoto yuko kwenye kiota, yeye anatembeza mkia." Theonest naye alicheka siku ile. Alidhani anasifiwa.

Alimtupia paka kiatu, akavua koti, akamviringishia ndege, akaliweka juu ya tuta. Kisha akatazama shamba. Majani yameubana ulezi. Immakulata akikubali, atakuja na jembe lake, na hapa ndipo atakapoinama. Mpaka naye afunikwe shuka.

Akavua kiatu cha pili, akainama, akaanza kung'oa.

Jua lilikuwa limeshawaka Epifania alipomkuta.

"Wewe mtoto wa mama yangu! Immakulata kabandika chai, wewe unachezea matope? Koti liko wapi?"

"Linamkausha mtu."

Theonest akalifunua. Ndege akachomoka, akaruka chini chini, mkia ukimburuta. Epifania hakucheka. Alikuwa anatazama rundo alilong'oa kaka yake.

"Theonest. Huu ndio ulezi. Ulichoacha ndicho gugu."

Aliangalia mkononi, akaangalia chini. Vinafanana. Miaka yote Josepha alivitenganisha, naye hakuwahi kumuuliza kwa vipi.

"Kibuyuni kumebaki mbegu?"

"Nilizimwaga zote."

 Epifania akapiga magoti, akashika shina moja. "Shika hapa chini. Gugu limebapa, jeupe. Ulezi je?"

Alishika. Vidole vyake vilikuwa vizito.

"Kamwambie Immakulata asinisubiri," alisema.

"Nitamwambia. Rudishia hiyo miche kwanza, udongo bado una maji. Mingine huenda ikashika."

Theonest akachukua mche mmoja kwenye rundo. Ulikuwa umeshanyauka. Akauchimbia kwa kidole.