Harusi ya Viatu

Kwa miaka mingi nimekana, lakini ni mimi niliyeharibu video ya harusi ile ya mtaani Nyakato, miaka ya tisini.

Mama, mkimbizi kutoka Burundi, alinifundisha kwamba mgeni asiyesalimia hana pa kukaa. Basi siku bosi wa studio ya video aliponijaribu na kamera mpya kwenye harusi hiyo, nilimpigia goti kila mzee, kamera begani. Nayo ikapiga goti. Kwenye mkanda tukapata viatu tu.

"Kamera mbovu," nikamwambia bosi, aliyekwisha kuamua kunifukuza.

Simu ikalia. Baba wa bibi harusi alitaka kusema na mimi.

"Binti, kila kiatu kikitokea, nasikia shikamoo yako. Jumamosi namwoza binti yangu mwingine. Njoo upige wewe, ila salamu umalize kwanza, kamera ikiwa chini."

"Shikamoo," nikajibu, goti likiwa limeshafika sakafuni.