Blanketi Nililoupelekea Ukungu wa Skola

Nilitoka Laela kwa sababu ya simu ya mjukuu wangu Skola, anayesoma chuo Sumbawanga. Alikuwa analia. "Babu, ukungu wangu unakufa kwa baridi." Kumbe anafuga ukungu, ule mweusi wa mkate uliolala, ili umtolee shaba kwenye mabaki ya simu na redio mbovu. Walimu wangekuja baada ya wiki mbili. Wasipoona shaba, chumba chake cha kazi anapewa mwingine.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi na blanketi langu, hilo hilo moja, aliloniachia marehemu mke wangu. Mama niliyekaa naye akauliza kama naenda kulazwa. "Naenda kufunika ukungu," nikamwambia. Akasogea dirishani.

Tulipofika Mpui, njiani, upepo ulikata masikio. Nikamkumbuka babu yangu, myeyusha chuma, tanuru lake refu kuliko nyumba. Siku za tanuru hakulala na bibi mpaka chuma kitoke. Bibi alikichukia chuma mpaka anakufa. Lakini turudi kwenye basi.

Sumbawanga, Skola alinipokea. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Mgonjwa yuko wapi?"

Akanionyesha ndoo tatu za maji ya sukari alimofugia ukungu, juu ya saruji baridi. Mama yangu alipika pombe ya ulezi maisha yake yote, na chungu hakukiweka kwenye sakafu tupu hata siku moja. Alikitandikia nyasi, akakivika nguo. Nikafanya vivyo hivyo: nyasi chini, blanketi ubavuni, kitambaa chepesi juu ili upumue. Nikamkataza kufunuafunua.

"Babu, hii ni sayansi, siyo pombe ya komoni."

"Komoni nayo sayansi, ila mama hakupewa chumba."

Siku ya nne ukungu ulitanda mweusi kama masizi, maji yakawa makali kama ndimu. Skola akayachuja, akaloweka humo yale mabaki aliyoyasaga. Siku zikapita, maji yakaingia rangi ya buluu.

Siku ya walimu alitumbukiza msumari humo. Ulipotoka ulikuwa mwekundu, umevaa shaba.

"Na hili blanketi ni kifaa gani?" akauliza mwalimu mkubwa.

"La mume wangu," akasema Skola, akaninyooshea kidole. Wakacheka, na chumba kikabaki chake.

Nimerudi Laela na ule msumari mfukoni. Nimejifunza kwamba chuma cha babu kilitaka moto na bibi mwenye subira. Shaba ya Skola imetaka joto la blanketi tu. Lenyewe nimeliacha kule, baridi bado ipo. Mimi nalala na makoti mawili, na naamka nacheka.